Dipoziti ya apatimenti hapa Mwanza haipotei siku ya kuhama, inapotea siku ya kuingia

#1 JiweLaBismarck
Wakuu, habarini.

Kila mwisho wa mwaka jukwaa linajaa vilio vya dipoziti, na vyote vinaanzia siku ya kuhama: mwenye nyumba kakagua, kakunja uso, kasema hela imeishia kwenye rangi. Hoja yangu ni kwamba tunailaumu siku isiyohusika. Hela ile ilipotea siku gari la mizigo lilipoegeshwa getini na mpangaji akaingiza godoro kabla ya kupiga picha hata moja.

Nazungumzia apatimenti za Capri Point, Isamilo, Bwiru, Kiseke, Buswelu, Nyegezi, ambako unalipa kodi ya miezi sita au mwaka, dalali anachukua mwezi wake, halafu juu yake unaweka mwezi mwingine kama fedha ya tahadhari, ndiyo dipoziti yenyewe. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Dipoziti isizidi kiasi gani, irudi ndani ya siku ngapi, hayo yote mnapangiana wenyewe, na mtakachoandikiana ndicho kitakachowahukumu.

Kwa hiyo nyumba ikiwa bado tupu, nenda mchana, fungua mapazia yote, washa taa zote. Anza video kwenye mita ya umeme, LUKU, namba isomeke, kisha mita ya maji tarakimu zisomeke, kisha ingia ndani ukizunguka kwa upande mmoja tu bila kukata video. Kila ukuta upige picha moja nzima na moja ya karibu palipo na doa, ufa au tundu. Fungua kila koki, vuta maji chooni, chomeka chaja kwenye kila soketi, fungua kabati chini ya sinki uone kama mbao zimevimba. Dari ya jipsamu itazamwe kwenye pembe, ndipo madoa ya kuvuja yanapoanzia. Mwisho panga funguo zote sakafuni, zihesabike, piga picha.

Siku hiyohiyo mtumie mwenye nyumba mwenyewe kwa WhatsApp, siyo dalali, na maneno haya: "Hii ndiyo hali ya nyumba niliyoikuta leo tarehe fulani." Chapisha orodha nakala mbili, kila ukurasa usainiwe na wote wawili. Tundu la msumari lisiloandikwa siku hiyo, mwaka ukiisha litakuwa lako.

#2 Dagaa_Mchele
Nimeweka kigoda mbele kabisa. Swali: video nimetuma, yeye kasoma na kunyamaza. Inahesabika?

#3 JiweLaBismarck
@Dagaa_Mchele kunyamaza siyo kukubali, lakini hawezi tena kusema hakuwahi kuona. Kesho yake mwandikie tena kwa upole: "Kama kuna jambo hukubaliani nalo kwenye orodha, naomba unijulishe ndani ya siku tatu." Na usiitegemee simu peke yake. Simu inaibiwa, inadumbukia ndooni. Jitumie picha kwenye barua pepe yako siku ileile.

#4 KambaYaNanga
Mkuu Jiwe, hoja nzuri lakini unapiga pembeni ya ugonjwa. Uwe na picha mia tatu, hela haipo! Dipoziti ikilipwa inachanganywa na kodi, kesho yake imenunua nondo za nyumba nyingine. Siku mpangaji anahama, mwenye nyumba hana akiba ya kumrudishia, kwa hiyo anatafuta kosa. Doa la rangi linageuka kisingizio cha kununua muda mpaka mpangaji mpya alipe.

Ndiyo maana dawa ni kalenda. Toa notisi ya maandishi miezi miwili kabla hata kama mkataba unadai mmoja. Ruhusu nyumba ionyeshwe ukiwa bado ndani, safi, mapazia yamefunguliwa. Mpangaji mpya akipatikana kabla hujatoka, omba makabidhiano yafanyike siku anayolipa yule, wote watatu mkiwa hapohapo. Hela inaingia mkono huu na kutoka mkono huu. Wanaorudishiwa yote ndani ya siku moja, wengi wamepita njia hii.

#5 Sangara_Kilo_Mbili
@KambaYaNanga umesema kweli tupu. Ila kuna hatari: dalali anayeleta mteja mpya atataka ufunguo abaki nao "aonyeshe nyumba". Usimpe. Ufunguo ukizagaa kabla ya makabidhiano, koki ikivunjwa ni yako.

#6 Binti_wa_Bujora
Mmeacha mkataba. Mikataba mingi ya mjini hapa ina sentensi moja tu: "Fedha ya tahadhari itarudishwa baada ya ukaguzi." Ukaguzi wa nani? Lini? Kwa kipimo gani? Sentensi hiyo imemwachia mwenye nyumba kila kitu. Kabla ya kusaini omba iandikwe hivi:

"Mpangishaji amepokea shilingi … kama fedha ya tahadhari, ambayo siyo kodi. Ukaguzi utafanywa na pande zote mbili siku ya makabidhiano ya funguo. Fedha yote itarudishwa ndani ya siku 14 tangu siku hiyo. Kiasi chochote kitakachokatwa kitaambatana na orodha ya uharibifu na risiti ya matengenezo. Uchakavu wa matumizi ya kawaida hautakatwa."

Maneno "siyo kodi" msiyaone madogo. Yanazuia kuambiwa baadaye kwamba hela ile ilifidia mwezi ambao kodi ilipandishwa.

Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kodi ya laki nne kwa mwezi ni milioni 4.8 kwa mwaka, stempu ni 48,000. Bila hiyo mkataba ni batili.

#7 Kalamu_ya_Nyamagana
Naunga mkono yote ya @Binti_wa_Bujora isipokuwa neno la mwisho. Mkataba usio na stempu siyo batili, unawafunga bado. Kinachotokea ni kwamba haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe ushuru pamoja na faini. Tofauti ni kubwa, maana kuna watu wanaacha kudai wakidhani mkataba wao ni karatasi ya maandazi.

Na uchakavu wa kawaida msidhani ni hisani ya mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999, sehemu ya upangaji, inamtaka mpangaji aitunze nyumba na kuirudisha ilivyokuwa, lakini inautoa nje uchakavu wa matumizi ya kawaida. Hata mkataba ukinyamaza, hoja hiyo unayo.

#8 Binti_wa_Bujora
Wabeja mkuu, nimesahihishika. Siyo batili.

#9 FundiRangi_Nyakato
Hapa kwenye rangi niacheni niseme kidogo, maana ndiko dipoziti nyingi zinakozikwa.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.7. Mzunguko wa kuta ni mita 15, mara 2.7 unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Ukipaka mara mbili, yaani mikono miwili, ni 74. Rangi ya maji kwenye ukuta uliolainishwa, lita moja inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukuta ukiwa na makovu inashuka hadi 8. Chumba kizima kinakula kama lita 7 hadi 9. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili. Ukiandikiwa ndoo mbili kwa chumba kimoja, omba kuona ndoo.

Halafu umri wa rangi. Rangi ya ndani iliyopakwa vizuri tuiwekee miaka minne. Umekaa miwili, watoto wamechora ukutani, kweli umeharibu. Lakini ulichoharibu ni ile miaka miwili iliyobaki. Kazi ikiwa ni 160,000, sehemu yako ni 80,000. Kumlipia mwenye nyumba rangi mpya badala ya rangi yenye nusu umri ni kumpa zawadi.

Matundu ya bano la televisheni: usipake puti juu ya fishaplagi, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani. Itoe kwanza. Zungushia skrubu nusu, ivute na koleo itoke nayo. Futa vumbi ndani ya tundu kwa brashi yenye maji, jaza puti mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa kwa sababu inasinyaa. Msasa laini, kisha rangi. Na hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapaka kiduara juu ya kiraka, kinaonekana kama jua. Rangi hata ya kopo lilelile haifanani na iliyokaa ukutani miaka miwili. Paka ukuta ule mzima, kona mpaka kona. Jicho haliwezi kulinganisha kuta mbili zinazopokea mwanga tofauti.

Tundu kwenye marumaru ndilo halina dawa. Usitoboe marumaru, kitu cha bafuni kining'inie kwenye kibandiko.

#10 Dagaa_Mchele
Fundi umenifungua macho. Swali la pili, naona nimegeuka mwanafunzi wa jukwaa. Nyumba iko kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeegemea mlima. Chini unatoa unga mweupe, rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Mwenye nyumba kasema atakata plasta na rangi kwa sababu "hamfungui madirisha". Nani alipe?

#11 Sangara_Kilo_Mbili
Huo ni mchanga wa ziwani. Mafundi wanachota mchanga ufukweni kwa bei ya chini, una chumvi, ukuta unatokwa jasho maisha yake yote.

#12 FundiRangi_Nyakato
@Sangara_Kilo_Mbili hapana mkuu. Victoria ni maji baridi, tunayanywa. Huu siyo mchanga wa Bahari ya Hindi. Mchanga wa ufukweni una ubaya mwingine, unaweza kuwa na tope na uchafu unaodhoofisha plasta, lakini unga mweupe ni chumvi za saruji, za tofali na za udongo wenyewe. Maji yanaziyeyusha ndani, yanatoka nje, yanakauka, chumvi inabaki juu na kuisukuma rangi. Kwa hiyo swali ni maji yanatoka wapi.

Kwa nyumba iliyochimbiwa mlimani jibu langu la kwanza ni udongo wa nyuma. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, maji yanateremka juu ya mwamba, yanakuta ukuta. Kama hakukuachwa mfereji nyuma wala ukuta haukupakwa kizuizi cha maji upande wa udongo, yanaingia ndani. Hilo ni la mwenye nyumba.

#13 Mama_Kiseke
Fundi usiegemee upande mmoja. Kuna nyumba madirisha hayafunguliwi wiki nzima, kabati limegandishwa ukutani, nguo zinaanikwa ndani, sufuria ya maharage inachemka saa tatu jikoni. Mvuke huo unakwenda wapi? Unatua kwenye ukuta wa baridi, na ukuta wa baridi ni huohuo wa upande wa mlima. Kuvu nyeusi nyuma ya kabati hiyo ni ya mpangaji. Vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani, fungua madirisha mawili yanayotazamana nusu saa asubuhi.

#14 KambaYaNanga
Kuna la tatu: bomba. Bafu likiwa upande wa pili wa ukuta huo, kiungo kinachovuja ndani ya plasta kinaleta alama hizohizo. Funga koki zote za nyumba, nenda kwenye mita ya maji, tazama kile kigurudumu kidogo au pembetatu. Ikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali yanatoka.

#15 FundiRangi_Nyakato
Hayo yote matatu yanawezekana, na yanaweza kukaa kwenye ukuta mmoja. @Dagaa_Mchele fanya hivi kabla ya kubishana. Tafuta kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita. Kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, bandika nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne, hewa isipite. Iache saa 48. Maji yakijikusanya nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakijikusanya mbele, upande wa chumba, ni mvuke wenu. Piga picha na tarehe.

Tazama na umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka msingini unaacha mstari kama wa maji ya ziwa yaliyopwa, kwa kawaida hauzidi mita moja kutoka sakafuni. Mvuke unapenda pembe za juu na nyuma ya samani. Bomba linaacha doa linalokua kutoka sehemu moja.

#16 Mama_Kiseke
Na doa halisomi vitabu vyako fundi, huwa yanachanganyika 😄. Ila jaribio la nailoni nalikubali.

#17 Feri_ya_Kamanga
Nyumba zilizo karibu na maji, Kirumba, Bwiru, Capri Point, kuna kitu hamjakitaja: wadudu wa ziwani. Wakipanda kwa wingu lao usiku mmoja wanajaa kwenye dari ya baraza na ukuta wenye taa. Asubuhi mtu anachukua kitambaa kilicholowa anafuta. Hapo ndipo anapopaka ukuta mzima uji wa kijani usiotoka. Waache wakauke, wapukute kwa ufagio laini wa kukwangulia buibui, kilichobaki ndipo ufute kwa maji ya sabuni kidogo. Na usiku wingu likipita zima taa ya nje.

Kwenye orodha ya kuingia andika hali ya nyavu za madirisha, moja moja. Nyavu ikiwa na tundu la kidole, wadudu wanaingia ndani na madoa ya dari utayalipia wewe.

#18 Kisumu_Dala
Majirani wa ziwa hamjambo. Huku kwetu Kisumu dipoziti ya mwezi mmoja ni kawaida, na landilodi karibu wote hukata ya rangi hata ukiacha nyumba inang'aa. Ndiyo maana watu wengi huishi dipoziti: mwezi wa mwisho hawalipi kodi, wanahama. Mbona nyinyi msifanye hivyo? Maliza mchezo.

#19 Kalamu_ya_Nyamagana
Karibu sana @Kisumu_Dala. Kwenu angalau kuna baraza la kodi za nyumba.

#20 Kisumu_Dala
Liko, lakini linashughulikia nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Apatimenti gani leo Milimani au Kondele utapata kwa hiyo? Wengi tuko nje.

#21 Kalamu_ya_Nyamagana
Kuhusu kuishi dipoziti, kwa hapa kwetu naipinga. Kwanza, wengi wamelipa miezi sita au mwaka mbele, hakuna mwezi wa mwisho wa kubana. Pili, mwezi usiolipwa unakufanya wewe ndiye uliyevunja mkataba, na hoja zako zote za orodha na picha zinapoa. Njia safi ni kuomba kwa maandishi: "Naomba fedha yangu ya tahadhari ihesabiwe kama kodi ya mwezi wa mwisho, ukaguzi tufanye sasa." Akikubali kwa ujumbe, umemaliza.

#22 KambaYaNanga
Hapo ndipo utaona kama hela ipo au haipo. Ambaye ameshaitumia anakubali haraka, kwa sababu hatoi kitu mfukoni.

#23 Mama_Kiseke
Tuje kwenye bili, maana nyumba inaweza kuwa safi dipoziti ikaishia majini.

MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza, bili ya mwezi wa mwisho inakuja ukiwa umeshahama, na akaunti ina jina la mwenye nyumba. Anashikilia laki nne kusubiri bili ya elfu kumi na tano. Siku ya makabidhiano someni mita pamoja. Bili ya mwisho ilisoma 412, leo 421, umetumia uniti 9, kila uniti lita 1,000. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili ya mwisho pamoja na makato yake, lipa hapohapo kwa namba ya malipo au mwachie taslimu akusainie.

LUKU mnaijua. Ila makato ya kodi ya jengo, shilingi 1,000 kila mwezi, yanatoka kwenye umeme unaonunua wewe ilhali kodi ni ya mwenye nyumba.

#24 Binti_wa_Bujora
@Mama_Kiseke ilikuwa 1,000, tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa. Miezi 18 ya nyumba ya kawaida ni 27,000. Hifadhi meseji za tokeni, makato yanaonekana. Mwenye nyumba akileta orodha yake, na wewe unayo yako ya kumrudishia.

#25 Mama_Kiseke
Asante mwanangu. Basi ni 27,000 ya kudai, siyo 18,000.

#26 Sangara_Kilo_Mbili
Ongezeni hita ya kuogea ya papo kwa papo. Kwenye nyumba za mlimani presha ya maji inashuka, hita inawaka maji hayatoshi kupita, koili inaungua. Mwenye nyumba anasema umeunguza, mpangaji anasema ni ya kizamani. Dalili zake unaziona mapema: maji yanatoka moto sana kisha baridi, swichi inachemka. Ukiona hivyo zima swichi yake, mjulishe kwa maandishi siku hiyo. Ukiendelea kuoga nayo wiki mbili, kweli sehemu ya lawama ni yako.

Soketi iliyoungua nayo ni hivyohivyo. Doa la njano linaanza mwezi mzima kabla. Kikawaida ni waya uliolegea nyuma ya soketi, lakini aliyechomeka pasi na jagi la umeme kwenye kigawanyio kimoja hatasikilizwa.

#27 Feri_ya_Kamanga
Na akikataa kabisa, tunakwenda wapi? Mwenyekiti wa mtaa?

#28 Binti_wa_Bujora
Kwanza barua ya madai: kiasi, tarehe ya makabidhiano, kifungu cha mkataba, siku 14. Nakala kwa mtendaji wa mtaa. Wengi wanalipa hapo. Ikishindikana, Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu ya migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na linapewa siku 30. Likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

#29 Kalamu_ya_Nyamagana
Mimi natofautiana. Upangaji umeisha, funguo zimerudi, hakuna anayegombea nyumba. Kinachobaki ni deni la mkataba, na deni la laki nne mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo. Ukipeleka kwenye baraza la ardhi unajiongezea hatua.

#30 Binti_wa_Bujora
Mkuu, deni limezaliwa na mkataba wa upangaji. Upande wa pili utaweka pingamizi la mamlaka siku ya kwanza, na unarudi kuanza upya.

#31 Kalamu_ya_Nyamagana
Na kwako pia anaweza kuliweka hilohilo. Ninachokubali ni kwamba barua na usuluhishi vinatangulia njia zote mbili, na madai ya mkataba ukomo wake ni miaka sita, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia na kukosea mlango.

#32 JiweLaBismarck
Mabishano matamu haya. Na wale wa Capri Point walioweka dipoziti kwa dola? Kanuni za 2025 zimezuia kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Anarudishiwa kwa kiwango cha siku aliyotoa au siku anayorudishiwa?

#33 KambaYaNanga
Siku anayorudishiwa. Alitoa dola 300, thamani yake ndiyo ile.

#34 Kalamu_ya_Nyamagana
Inategemea risiti imeandika nini. Kama risiti ni ya shilingi, ni shilingi zile. Mwenye mkataba wa zamani aandike nyongeza ya kuubadilisha kuwa shilingi na humo waandike kiwango walichokubaliana, kabla ya mwezi wa kuhama.

#35 Feri_ya_Kamanga
Siku ya mwisho msisahau karatasi ya funguo. "Nimepokea funguo 5, nyumba imekaguliwa, hakuna uharibifu," au uharibifu ni huu na huu. Na usisaini iliyoandikwa "sina madai yoyote" kabla hela haijaingia kwenye simu yako. Funguo usimwachie mlinzi. Kila siku zisipomfikia, ataweza kukuhesabia kodi.

#36 FundiRangi_Nyakato
Wiki moja kabla ya hiyo siku fanyeni ukaguzi wa kwanza, mzunguke pamoja, akuonyeshe asichokitaka. Kitasa kilicholegea ukikaza mwenyewe ni skrubu mbili. Akikikuta siku ya mwisho ni kitasa kipya na fundi wa kukiweka.

#37 Dagaa_Mchele
Wakuu narudi na majibu ya nailoni. Saa 48 zimetimia. Chini, kama nusu mita kutoka sakafuni, maji yako nyuma ya nailoni. Nilibandika na ya pili juu nyuma ya kabati: maji yako mbele.

#38 Mama_Kiseke
Nilisema.

#39 FundiRangi_Nyakato
Na mimi nilisema, mama 😄. @Dagaa_Mchele sasa pima kwa tepu: sehemu ya chini yenye unga ina urefu gani na kimo gani, na ya juu yenye kuvu ina ukubwa gani. Andika kwa mita za mraba kila moja. Ya juu safisha mwenyewe wiki hii kwa maji ya jiki kidogo, madirisha wazi, kabati livutwe. Ya chini usiiguse, usikwangue hata kidogo, mpaka mwenye nyumba aje aione ikiwa na maji yake.

#40 Dagaa_Mchele
Nimepima. Chini mita 3.2 kwa 0.6. Juu sentimita 80 kwa 50. Nimemtumia picha zote nne na vipimo, amesoma saa nne asubuhi, hajajibu.